Hii sikuweka

Leo siku ya sita na bado naisikia ile sauti. "Hii sikuweka, mpenzi." Na mimi: "Hapana, asante, nimeshiba." Basi, ndo hayo tu, lakini tangu Jumanne nikitoka shifti silali, nikifumba macho naiona sahani.

Wa siku zote mnakijua kile kimgahawa cha njia ya kwenda Berea, mji wa huku Kentucky, Marekani, nilichowaandikia mwezi wa tatu, chenye lile kabati la zamani la pai, milango ya bati iliyotobolewa vitobo ili pai zipate hewa na nzi wasiingie. Tunaenda Jumamosi moja moja Baba Watoto akiwa hana safari. Menyu yao unachagua nyama moja na mboga tatu, na kwenye orodha ya mboga wameandika na makaroni ya jibini, mwanangu wa kwanza kasoma mwenyewe na tangu siku hiyo nyumbani ananiambia mboga keshakula.

Kula huku Kentucky kwa mtu wa Tanga ni kuuliza kwanza. Majani yao, ndugu wa sukuma wiki, yanachemshwa na mguu wa nguruwe. Maharage vilevile. Mkate wa mahindi, kikaango kimepakwa mafuta ya nguruwe kabla haujamiminwa. Hadi kunde na bamia, vitu vilivyovuka bahari kutoka Afrika pamoja na watu waliouzwa utumwani, nikiviona kwenye bakuli moyo unaruka kama nimeona mtu wa kwetu, halafu naonja kwa macho tu. Kuna burgoo, mchuzi mzito wanaopika kwenye masufuria makubwa kama ya shughuli, nyama za aina mbili tatu na mahindi na bamia ndani, ukienda kwenye mbio za farasi pale Keeneland unauona. Owensboro huko magharibi wanachoma kondoo taratibu kwa moshi huku wanampaka mchuzi wa siki, Baba Watoto anamtamani huyo kondoo mwaka wa nne sasa lakini halali hatujampata. Ninachokula mimi kwa amani ni mkate wa kijiko, ule wanaosifika nao Berea, unga wa mahindi na maziwa na mayai, unaokwa unatoka laini hauwezi kukatwa kwa kisu, unachotwa. Wa mgahawa huu wanapaka siagi tu, niliuliza. Huo na samaki kambare.

Sasa pai. Wiki tatu zilizopita nilimuuliza yule mama, yule mwenye mvi anayezioka mwenyewe, ganda lake anatumia mafuta gani. Akaniambia mafuta ya nguruwe, hayo ya kuzunguka figo, ndo yanafanya ganda limeguke vizuri, mama yake alimfundisha hivo. Nikamwambia sawa, asante, sisi hatuli. Akatikisa kichwa akaenda zake. Mi nikaona yameisha.

Jumamosi tumemaliza kula, Baba Watoto kainuka kwenda kuwasha gari, yule mama akaja na sahani. Pai ya chess, ile tamu ya mayai na sukari, kipande kikubwa, uma umeshawekwa pembeni. Akainama akasema hii sikuweka, mpenzi. Na mi masikio yangu yakasikia hii sikuweka kwenye bili. Yaani nimepewa bure. Na mnajua hili jambo nalibeba vipi, hapa Lexington mtu akiona mtandio na akisikia Kiswahili anajua ni mkimbizi, mara mbili nimeshawekewa mfuko wa makopo kwenye toroli dukani na mtu nisiyemjua, na shoga yangu wa Bukavu ambaye kweli alikuja kama mkimbizi naye hapendi. Kwa hiyo nikakaza uso. Hapana, asante, nimeshiba. Akasema sawa kwa sauti ndogo, akaibeba sahani kwa mikono miwili, akaifunika kwa kile kifuniko cha kioo pale kaunta. Hakuna aliyeila mpaka tunatoka, niliangalia.

Jumanne asubuhi mtoto anakula uji, ananiambia, mama, yule bibi alisema nikuambie ni siagi tupu. Bibi gani? Yule wa pai, nilivyoenda kuchukua peremende. Nikaweka mwiko chini.

Sikuweka. Mafuta, hakuweka MAFUTA.

Kwetu chakula cha kuletewa unaonja hata kama umetoka karamuni. Mama yangu Ramadhani akiletewa sahani na jirani hairudishi tupu, hata kama ndani hakuna kitu ataweka ndimu mbili. Na mimi binti yake nimemrudishia mtu mzima sahani imejaa. Wiki hii nimefaulu mtihani wa leseni ya uuguzi, na mdogo wangu amejifungua mapacha, watu wananipongeza simuni nami naitikia huku kichwani ni hapana asante nimeshiba, hapana asante nimeshiba, kwa ile sauti kavu niliyoitoa.

Juzi usiku kazini, saa tisa, wazee wote wamelala, nikaanza kuhesabu. Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi. Pai inataka ganda lipumzike kwenye friji, ijazwe, iokwe kama saa nzima, ipoe. Ili anitengenezee ya siagi ilibidi akande donge peke yake, afute ubao, aoshe kile kigongo cha kusukumia. Maana yake saa kama hii, wakati mi namgeuza mzee ubavu, yeye yuko jikoni ananifikiria mimi, na wala hakujua kama Jumamosi hiyo nitakuja. Au alitengeneza na ile Jumamosi ya nyuma ambayo hatukwenda? Nikakaa pale kwenye kiti cha korido nikajikuta natabasamu, machozi hapo hapo, na tangu saa ile ile aibu imelegea, imekuwa kitu kingine, kama mtu amenifunika shuka nikiwa nimelala.

Jana nikaipika mwenyewe. Mayai manne, sukari, siagi iliyoyeyushwa, kijiko cha siki, na kijiko cha unga wa mahindi, ule ule wetu wa ugali. Hakuna tunda, ni pai ya majira ya baridi, enzi ambazo matunda yamekwisha na mtu anaoka kwa alichonacho ghalani. Unga ukiwa ndani ya oveni unapanda juu unafanya ngozi nyembamba ya dhahabu, ukiigusa inapasuka. Kuhusu jina, huku wanasimulia kwamba mpishi aliulizwa pai gani hii, akajibu "just pie", yaani ni pai tu, kwa lafudhi yao ya kuvuta hiyo "just" ikasikika chess, na ndo jina. Wengine wana hadithi zao, mi nimeishika hii.

Kesho namrudishia sahani. Si pai, pai ni yake. Nimeloweka mchele, nimekuna nazi, nampelekea mkate wa kumimina wenye iliki ya kutosha, na nimefanyia mazoezi ya kumwambia: nilisikia vibaya, naomba ile pai kama bado utanipikia.

Pacha wa pili ana kilo moja na mia tisa na mdogo wangu anasema hanyonyi vizuri, anasinzia tu kifuani. Nimepiga mara tatu hapokei. Kule saa hizi ni alfajiri, labda wamelala.