Mazoezi ya kubakiza nguvu: ninavyoishi na maradhi ya misuli hapa Mombasa

Sisi wenye maradhi ya misuli huambiwa mambo mawili yanayogongana. Huyu anakwambia kaza mazoezi mpaka misuli irudi, yule anakwambia pumzika, usijichoshe, Mungu atajaalia. Mimi nina distrofi ya misuli, yaani misuli inadhoofika kidogo kidogo, ile aina inayoanza kwenye nyonga na mabega. Ilinianza ujanani na sasa nina watoto wakubwa. Kwa mwenzangu aliyepewa jina la ugonjwa huu juzi, namwambia kwamba nasaha zote mbili zinadhuru, na kwamba njia ya katikati ipo na inafuatika hapa hapa Pwani bila jimu ya pesa nyingi.

Ugonjwa wenyewe ni wa jeni, na aina zake zimepita 20. Katika aina kadhaa, protini zinazoulinda utando wa seli ya msuli zina kasoro, kwa hiyo seli inapasuka kwa kazi ambayo msuli mzima ungeistahimili. Ikipasuka, kimeng'enya kinachoitwa CK kinavuja kuingia kwenye damu. Na vile vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini vimo pia ndani ya misuli. Ndiyo sababu zahanati moja ilinitibu ini muda mrefu, na ini langu ni zima. Ukiambiwa vipimo vya ini viko juu na huku huwezi kuinuka kwenye mkeka bila kujishika mapaja, omba upimwe CK.

Baada ya ugonjwa kujulikana nilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo kiumri lakini anaijua kazi yake. Siku ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si mvivu. Akanizuia.

"Mama, sitaki kujua leo unaweza mara ngapi. Nataka kesho ukiamka uniambie miguu iko vipi."

Hicho ndicho kipimo ninachotumia hadi leo. Baada ya mazoezi nakaa nusu saa na kujisikiliza. Nikijiona mnyonge kuliko kabla sijaanza, nimezidisha. Maumivu makali yakija kesho yake au keshokutwa, au misuli ikikakamaa, au mikono na miguu ikiwa mizito, nimezidisha, na mara ijayo napunguza. Wakati wa mazoezi pia lazima niweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Kuna dalili moja isiyongojewa: mkojo ukitoka mweusi kama chai ya rangi, misuli imevunjika kwa wingi na mabaki yake yanaweza kuziba figo. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Jambo jingine alilonifunza ni kuogopa kushuka kuliko kupanda. Watu hudhani kupanda ngazi ndiko kunakoumiza, kwa vile ndiko kunakochosha. Lakini ukishuka, msuli wa paja unafanya kazi huku unavutwa kurefuka, na hapo ndipo utando dhaifu unapochanika zaidi. Vivyo hivyo kuteremsha ndoo polepole, au kujiketisha taratibu kwenye kiti kifupi. Shemeji yangu, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa ameninunulia vyuma vya kunyanyua. Nilimshukuru, nikavigawa kwa wapwa zangu.

Sasa niseme habari ya bahari, kwa sababu hii ndiyo rehema yetu watu wa Mombasa na wengi wenye hali yangu hawaitumii. Maji yakikufika kifuani, miguu inabeba kama theluthi tu ya uzito wako. Mimi ambaye barabarani natembea na bakora, majini natembea peke yangu. Nakaa Kiembeni, napanda tuktuk hadi ufuo wa umma wa Pirates asubuhi mapema, na dera langu na leso, pamoja na mpwa wangu wa kike. Matatu nimeziacha kwa sababu kidato chake kiko juu mno kwa nyonga zangu.

Inabidi ujue maji. Yanajaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa inasogea mbele kama dakika 50, basi mpwa wangu anauliza wavuvi siku moja kabla. Yakiwa yamekupwa, hasa wakati wa bamvua, utakwenda mbali juu ya mwani na mawe kabla hujapata kina, na huko ni kuanguka. Yakijaa kabisa, mawimbi yanakusukuma. Nachagua yanapopanda polepole. Natembea sambamba na ufuo, mbele, nyuma, ubavu, kisha nazungusha mikono chini ya maji mpaka pale isipofika nikiwa nchi kavu, kwenye usawa wa bega. Huwa natamani kubaki.

Lakini kutoka ndiko kugumu. Maji yakishuka chini ya kiuno, uzito unarudi wote kwa pamoja, dera limelowa, na mbele yako kuna mchanga mwororo wa kupanda. Nimewaona watu wazima wenye misuli mizima wakiyumba pale. Kwa hiyo mimi natoka nikiwa bado na nguvu, nimemshika mpwa wangu begani, na nakaa kwenye kiti cha plastiki tulichokitega karibu na maji kabla ya kuendelea. Nusu ya zoezi lote ni kuibakiza ile nguvu ya kutokea.

Na si imani yangu tu kwamba zoezi la wastani linafaa. Mwaka 2008 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa wa distrofi aina ya Becker, iliyo jirani na yangu, walioendesha baiskeli ya mazoezi nusu saa kila mara kwa wiki 12. Pumzi iliongezeka, nguvu za miguu pia, na damu haikuonyesha kwamba misuli imezidi kuharibika. Haikuwatoa ugonjwa, ila iliwapa uwezo zaidi kwa misuli waliyobaki nayo, na kwangu hiyo si zawadi ndogo. Ila kabla ya kuanza, pimwa moyo. Baadhi ya aina hizi hushika misuli ya moyo kimyakimya, na eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo ndivyo vitakavyosema ufike wapi.

Chakula kilikuwa na vita vyake, maana mamangu anaamini udhaifu unatibiwa na sahani. "Mwanangu huli, ndiyo maana huna nguvu." Nilimweleza kwamba msuli unakula nguvu nyingi hata ukiwa umelala, na mtu mwenye misuli kidogo anahitaji chakula pungufu kuliko wengine. Kinachozidi kinakuwa mafuta, na mafuta hayo yanabebwa na nyonga zilezile zilizochoka. Hakuna chakula kinachoponya ugonjwa huu, wala unga wa makopo unaouzwa madukani kwa wanyanyua vyuma. Lakini pia kujinyima ghafla ni hatari, maana mwili wenye njaa unakula misuli, na mimi sina ya kutoa sadaka.

Tukapatana jikoni. Wali unapikwa kwa tui jepesi, lile la kukamua mara ya pili, na kasimile inabaki kwa mchuzi wa wageni. Mahamri yamepungua, mbaazi zimeongezeka. Kila mlo lazima uwe na kitu cha kujenga mwili: pojo, kunde, yai, maziwa lala, dagaa, changu wa kuchoma. Samaki wa kupaka sijamwacha na sitamwacha, ila napata kipande na mchicha mwingi, si kipande na sinia ya wali.

Maji ya kunywa ni jambo ambalo wanawake wenzangu hawalisemi. Tukiwa na choo cha kuchuchumaa tunaogopa kushindwa kuinuka, basi tunakata maji makusudi, hasa tukisafiri. Matokeo yake ni kufunga choo na maambukizi ya mkojo. Mume wangu alitafuta kiti cha plastiki kigumu, akakikata tundu, akaweka vishikio viwili vya bomba ukutani. Tangu hapo nakunywa maji na madafu bila hesabu, na papai asubuhi linamaliza kazi. Kwangu kile kiti kimefanya zaidi ya vidonge vingi.

Vidonge ninavyomeza ni vya vitamini D, kwa kuandikiwa na daktari baada ya kupima damu. Jua la Mombasa ni kali, lakini ndani ya buibui halinifikii. Na vitamini hiyo ikipungua sana, misuli inayolegea ni hiyohiyo ya nyonga na mapaja, kwa hiyo ugonjwa unaonekana umezidi kumbe ni upungufu unaotibika.

Haya ni ya ugonjwa wangu. Mwanamke mmoja tunayekutana kliniki ana mayasthenia, ugonjwa unaofanya misuli ichoke upesi. Yeye joto la kaskazi linamlegeza kabisa, na mazoezi yake huyapanga dawa ikiwa imekolea mwilini. Mwingine anapaliwa na chakula, na kwake suala la kwanza ni ulaini wa uji na namna ya kumeza akiwa ameinamisha kidevu, kama alivyofunzwa kliniki. Mtaalamu akuone wewe.

Kusi likivuma na bahari kuchafuka, nafanya nyumbani. Mume wangu amekiinua kiti changu kwa vipande vya mbao. Nakaa na kuinuka mara chache, nikijishika mezani wakati wa kukaa ili mapaja yasiteremke peke yake, halafu nanyoosha visigino ukutani ili mshipa wa nyuma ya mguu usifupike. Mchana narudi kwenye cherehani yangu, ambayo siku hizi ina mota badala ya pedeli, na nashona madera ya watu mpaka alasiri.