Nilivyomnasa falaropu kwa macho, Ziwa Elmenteita

Falaropu mwenye shingo nyekundu, Phalaropus lobatus, ni ndege mdogo wa majini mwenye urefu wa sentimita 18 au 19 tu. Kwenye ziwa lililojaa heroe, au flamingo kama wengi wetu tunavyowaita, ni rahisi kumpita mara kumi. Huzalia kandokando ya Aktiki, na wale wa Skandinavia huhamia Bahari ya Uarabuni, ambako upande wa Oman huonekana kwa makundi makubwa. Anayekatiza hadi Bonde la Ufa ni mgeni kwelikweli.

Nilisimama ufuko wa mashariki, upande wa barabara kuu ya Naivasha kwenda Nakuru, kwa sababu ya jua: asubuhi linakuwa mgongoni, na ndege wote mbele yako wana rangi zao halisi. Kufikia saa sita hewa juu ya maji ya magadi huanza kutetemeka kwa joto. Alasiri upepo huinua mawimbi madogo, na kila wimbi linatosha kumficha ndege wa kimo hicho. Kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu teleskopu ilikuwa imeshasimama, na nilijipa mwisho saa tano. Ruhusa niliomba siku moja kabla. Upande mmoja kuna hifadhi ya Soysambu, kwingine kuna mashamba na hoteli za watu.

Darubini ya mkononi ya 8x42, inayokuza mara nane, ilinitosha kuona makundi yamekaa wapi. Teleskopu yangu hukuza mara 20 hadi 60, na kosa la kawaida ni kukimbilia 60: unaona kijisehemu kidogo, chenye giza, kinachotikisika. Nilipekua kwa 20, kutoka kushoto kwenda kulia, nikianza na maji ya karibu, kisha nikainua kidogo na kurudi. Kila ukanda niliupitia mara mbili, maana ndege mdogo huweza kuwa nyuma ya miguu ya heroe raundi nzima.

Siri ni kutafuta mwendo, rangi baadaye. Ndege wengine wadogo wa ufukoni husimama matopeni au hutembea. Falaropu huelea juujuu kama kizibo, kichwa kikinesanesa, kisha ghafla huzunguka kama pia, karibu mzunguko mmoja kwa sekunde. Mzunguko huo huvuta maji ya chini yapande na vidudu vyake, naye anadonoa tu.

Nilidanganyika mara mbili. Kwanza kibisi mchanga. Huyo alijisema mwenyewe alipopiga mbizi, kwa sababu falaropu hapigi mbizi. Wa pili alinisumbua zaidi: kitwitwi mwembamba wa kijivu, Tringa stagnatilis, aliyeingia maji ya tumboni. Huyu huweza hata kuogelea kidogo. Dawa ni subira. Alipotoka kwenye kina, ile miguu mirefu ya kijanikijani ikamaliza ubishi.

Saa tatu na robo, ukanda wa nne, ndege mmoja akazunguka kama pia. Hapo ndipo nilipoongeza hadi 45, kwa kuwa kuna nduguye, Phalaropus fulicarius, ambaye lazima kwanza uhakikishe siye. Huyo ana mdomo mnene zaidi na, nje ya msimu wa kuzaliana, mgongo wa kijivu usio na mistari. Wangu alikuwa na mdomo mweusi mwembamba kama sindano, baka jeusi kutoka jichoni kwenda nyuma, na mistari myeupe mgongoni. Niliandika hayo yote, pamoja na saa na mahali, kabla ya kufungua kitabu. Ukifungua kitabu kwanza, macho huanza kuona kilichochorwa. Picha nilipiga kwa simu kupitia teleskopu, kisha kumbukumbu nikaipeleka Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya.

Kishawishi cha kusogea karibu kipo, na ni kibaya. Heroe wakiruka, huondoka na kila kitu. Tena ule ukoko mweupe unaoonekana mgumu una tope laini chini yake, linalomeza buti hadi gotini. Na tangu maziwa ya bonde yalipofurika, baadhi ya njia za zamani ziko chini ya maji. Waulize wachungaji, wao wanajua palipo imara wiki hii.

Beba lita tano za maji matamu garini kwa ajili ya kuosha miguu ya stendi ya teleskopu. Magadi yakikaukia kwenye viungo vyake usiku mmoja, skrubu zinaanza kuliwa.