Ibrahimu alihesabiwa haki lini hasa?

Ukitaka kuelewa kuhesabiwa haki kwa imani, yaani Mungu kumtangaza anayeamini kuwa mwenye haki, usianzie Warumi. Anzia Mwanzo 15:6, pale Abramu (jina la kwanza la Ibrahimu) anapomwamini BWANA na kuhesabiwa haki. Sasa shuka hadi 16:16: Ishmaeli anazaliwa, baba yake ana miaka 86. Kisha 17:24: Ibrahimu anatahiriwa akiwa na miaka 99. Toa, unabaki na miaka 13, na bado hujahesabu ujauzito wa Hajiri, mjakazi aliyemzaa Ishmaeli. Miaka yote hiyo alikuwa mwenye haki mbele za Mungu bila alama yoyote mwilini. Torati nayo, Paulo anasema katika Wagalatia 3:17, ilikuja miaka 430 baada ya ahadi aliyopewa Ibrahimu. Warumi 4 yote imesimama juu ya mfuatano huu, na inasikitisha jinsi mahubiri mengi yanavyoupita mbio.

Tazama pia kilichomo katikati. Sura ya 16, pale Ibrahimu anapotafuta mtoto kwa Hajiri badala ya kuingoja ahadi, inakuja baada ya 15:6. Ibrahimu aliyumba akiwa tayari amehesabiwa haki, na hesabu ile haikufutwa.

Kiswahili chetu hututega kidogo hapa. "Haki yangu" kwa kawaida ni kile ninachoweza kudai. Kibarua akimaliza siku, anachopewa si zawadi, analipwa deni. Ndivyo isemavyo Warumi 4:4. Lakini mstari wa 5 unamtaja mtu asiyefanya kazi, tena asiye mtauwa (asiyemcha Mungu), ambaye hana cha kudai. Haki yake ni tamko la hakimu: huyu hana hatia. Kubadilishwa tabia ni utakaso. Unafuata, ni wa lazima, ila si msingi wa tamko lile. Ukivichanganya, muumini atapima msamaha wake kila jioni kwa mwenendo wa siku hiyo. Kosa la pili ni kuigeuza imani yenyewe kuwa kazi: "nimeamini sana, basi nastahili."

Na Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unaosema Ibrahimu alihesabiwa haki kwa matendo? Yeye anaruka hadi Mwanzo 22, Isaka juu ya madhabahu. Isaka alizaliwa baba yake akiwa na miaka 100, na siku ile alikuwa mkubwa wa kutosha kubeba kuni. Yakobo anazungumzia imani ya 15:6 ilivyoonekana miaka mingi baadaye, akiwajibu wanaojivunia imani ambayo hata mashetani wanayo.