Ukitaka kukagua hoteli, anza na bamvua

Wanaotutuma kukagua kama hoteli zinaheshimu haki za wanakijiji, na kukusanya maoni Paje na Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, hupanga ratiba kwa kalenda ya ofisini. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari hupwa mbali, na kina mama wanaolima mwani wote wako huko, wanafunga kamba kwenye vijiti. Nyumbani utawakuta wanaume, nao ndio watakaojaza fomu yako.

Bibi mmoja nilimfuata majini. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, sema upesi, maji yanajaa." Nikamuuliza kuhusu haki zake, akaniangalia tu. Nilipomuuliza anapita wapi na gunia lake, hapo alifunguka: kichochoro cha zamani kimezibwa kwa ukuta wa hoteli, sasa anazunguka na mzigo kichwani.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu zinataka kampuni itambue madhara yake kwa kuzungumza na wanaoguswa nayo. Meneja wengi hunionyesha mkataba wa wafanyakazi, faili safi kabisa. Mimi huomba bili ya maji na idadi ya vyumba, kisha nakwenda kuuliza bomba la kijiji linatoa maji saa ngapi. Nikilinganisha hoteli inavyotumia na kijiji kinavyopata, hapo ndipo kwenye kesi. Na vijana wanaoajiriwa hotelini kwa msimu, wanaoachishwa kazi mvua za masika zikianza, huwa hawamo kwenye faili hata kidogo. Uwahoji kabla ya Aprili, au uwatafute Mjini Unguja.