Nimeuza laptopu yangu, ila kwanza ililala macho usiku mzima inajifuta

Wiki iliyopita nimeuza ile Dell yangu nyeusi niliyoichukua mtumba Kariakoo 2019. Bei sisemi, mtanicheka. Ila mteja ashatoa advansi na mimi nikamzungusha siku tatu nzima, na sababu yake ni kitu nilichokiona kwenye hiyo hiyo mashine wiki ile ile niliyoinunua.

Ilikuwa hivi. Nilifuta kwa bahati mbaya picha za sendofu ya mdogo wangu, nimelia weee, mpaka kaka mmoja ofisini akaniambia shusha kiprogramu kinaitwa Recuva, cha bure, kitakuchimbia. Nikashusha, kikachimba, picha zangu zikarudi karibu zote nikashangilia kama goli la derby. Alafu nikashuka chini kwenye orodha nikaona mafaili mengine ambayo si yangu kabisa, harusi ya watu nisiowajua, baba mmoja wa suti ya kijivu kabeba mtoto aliyelala, CV, slipu za mshahara, na skani ya pasipoti ikiwa na sura ya yule yule baba wa suti. Nilifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwenzake anaoga.

Na yule aliyeniuzia aliniapia, "dada hii imepigwa Windows mpya jana, iko safi." Wala hakudanganya, Windows ilikuwa mpya kweli!

Shida ni kwamba ukifuta faili, hata ukamwaga na lile pipa la takataka, kompyuta haijaligusa faili lenyewe, imefuta jina tu na kuandika nafasi iko wazi. Ni kama mwenye nyumba akufute kwenye daftari lake la wapangaji huku kitanda na masufuria yako bado viko chumbani, vitatoka siku akija mpangaji mwingine na vyake. Kufomati kwa haraka haraka nako ni hivo hivo. Windows mpya inachukua labda GB 20 au 30, diski yangu ni ya GB 500, sasa piga hesabu kule kwingine kumebaki nini.

Na si Kariakoo tu jamani. Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT kule Marekani walinunua diski kuukuu 158 kati ya 2000 na 2002, zilizokuwa zinafanya kazi ni 129, na zilizosafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Moja ilitoka kwenye mashine ya ATM ikiwa na namba za akaunti za watu humo humo.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika nikajifanya mjanja. Nikahamisha vyangu kwenye diski ya nje, nikatoka kwenye akaunti zote, nikaenda Reset this PC, nikachagua Remove everything, nikabonyeza next next next kama kawaida yetu. Kumbe pale katikati kuna Change settings, unatakiwa uingie uwashe Clean data, bila hivo ndo yale yale ya baba wa suti. Nimekuja kushtuka Windows ishaingia. Basi nikafungua ule ukurasa mweusi wa amri, nikaandika cipher /w:C:\ ambayo inaandika upuuzi juu ya nafasi yote iliyo wazi, mara ya kwanza sifuri, mara ya pili 0xFF (yaani moja tupu), mara ya tatu namba za ovyo ovyo, na wewe unachoona ni vinukta tu vinatambaa kwenye kioo. Nikaanza saa mbili usiku. Saa sita LUKU ikaisha, na betri ya hiyo mashine ilishakufa zamani, ikazima pap. Nikanunua umeme kwa simu gizani nikaanza upya, asubuhi nanywa chai bado vinukta vinatambaa.

Kuna watu watakwambia lazima uandike juu yake mara 35, hizo ni habari za 1996, kwa diski za siku hizi mara moja inatosha.

Ila hayo yote ni ya hadidiski zile zinazozunguka. Kama yako ni SSD, ile isiyo na kinachozunguka ndani, usijisumbue na kuandika juu yake, ina ujanja wake wa kupeleka data inapotaka yenyewe, kwa hiyo huna uhakika umefunika nini. Hiyo tumia kifutio cha waliotengeneza diski, au iwe umeifunga kwa BitLocker, kile kifungio cha Windows kinachogeuza data kuwa fumbo, tangu mwanzo, ukiharibu ufunguo kinachobaki ndani ni makorokoro yasiyosomeka. Na WhatsApp ya kwenye kompyuta msisahau kuitoa kupitia simu, yangu ilikuwa wazi tangu mwaka juzi.

Mteja mwenyewe, dogo wa chuo, kaja Jumamosi, kaiwasha pale pale kibarazani, kafungua folda ya video, kafunga, kafungua tena, kaniangalia kwa huruma: "Dada, mbona haina hata muvi moja?"