Siku moja maishani mwangu: mchora ramani za bahari asiyelowa maji

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya barua pepe nafungua kwanza ramani ya Argo nione nani kaibuka usiku. Argo ni mtandao wa maboya karibu 4,000 yaliyotapakaa baharini. Kila moja huelea na mkondo kwenye kina cha mita 1,000, kisha hushuka hadi 2,000, likapanda huku likipima joto na chumvi ya maji. Likifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti, halafu linazama tena. Mzunguko mmoja huchukua siku 10 hivi. Leo natakiwa kutoa ramani ya joto la Pasifiki ya kati.

Saa 3:00. Data ya setilaiti naichukua kwenye ERDDAP, seva ya kupakulia data za kisayansi mtandaoni. Raha yake ni kwamba ombi lote limo ndani ya anwani yenyewe: eneo, tarehe, hata aina ya faili. Futa .csv uandike .png, jedwali linageuka picha. Mtu akiniuliza nilitoa wapi namba zangu, namtumia anwani ileile, maneno yameisha.

Saa 4:20. Ramani ya kwanza imetoka. Pasifiki nzima ni buluu tupu, na kwenye kona kuna nukta moja nyekundu: nyuzi 99,999 za Selsiasi! Kipimo kisipokuwepo, mafaili ghafi ya Argo huandika namba hiyo, nami nilisahau kuichuja. Nachuja. Sasa nusu ya maboya hayaonekani. Data ya setilaiti inahesabu longitudo kutoka 0 hadi 360, Argo inahesabu kutoka -180 hadi 180. Boya liko -170, ramani inalitafuta 190, na kumbe ni palepale. Kosa hili nimelifanya mara nyingi kiasi kwamba silionei tena haya.

Mchana ni mkutano. Tuuruke.

Saa 8:15. Ugomvi wa rangi. Mkuu wangu anapenda upinde wa mvua, na kweli unavutia. Tatizo ni ule utepe wa njano: unang'aa kuliko rangi za jirani, macho yanauona kama mpaka wa maji ya aina mbili, wakati joto linapanda taratibu tu. Naweka rangi za cmocean, seti iliyobuniwa kwa ajili ya ramani za bahari, zinazotoka giza kwenda mwanga hatua kwa hatua. Mpaka ule ukayeyuka.

Saa 9:40. Nahamia programu ya Ocean Data View kukata bahari wima, nione joto linavyopungua kwenda chini. Hapa ndipo ninapokuwa na wasiwasi kuliko kote. Programu inajaza mapengo kati ya maboya kwa ulaini wa ajabu, hata pale ambapo hakuna kilichopimwa. Sakafu ya bahari nayo ni vivyo hivyo: ramani ya GEBCO, ile ya sakafu ya bahari zote duniani, haina tundu hata moja, ila ni takriban robo tu ya sakafu hiyo iliyopimwa kwa vyombo moja kwa moja. Kwa hiyo naweka nukta nyeusi kila palipo na kipimo, na palipo mbali mno na nukta napaacha peupe.

Saa 11:10 jioni. Natuma. Jibu linarudi upesi: “Nzuri, ila hapo katikati pana nini? Peupe.”

“Hakuna boya lililopita hapo.”

“Sasa si upake rangi tu?”

Nikafunga kompyuta.