Mto Pangani kwa wino na maji: karatasi ya tatu

Jumamosi. Nimekaa ukingoni upande wa mjini tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pantoni bado iko ng'ambo, Bweni. Maji yanapwa, upepo hakuna. Mandhari ni ileile: mikoko, kilima nyuma yake, minazi, mtumbwi mmoja.

Karatasi ya kwanza niliiharibu kwa wino wa kalamu ya kawaida; brashi ilipopita tu, minazi yote ikayeyuka. Sasa natumia wino wa India, ambao ukishakauka haurudi kuwa maji. Mistari imekaa vizuri. Nimeuzimua wino huohuo katika visahani vitatu: kimoja kijivu cha moshi, cha pili wingu la mvua, cha tatu karibu na masizi. Naanza na chepesi kila mara, kwa sababu kukoleza unaweza, kupunguza huwezi.

Jumanne. Leo ni maji tu. Kwenye karatasi ya pili niliyaacha meupe matupu, yakawa kama kioo cha dukani. Pangani si kioo. Maji haya yametoka Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, na hapa mlangoni yanafika na tope lake. Kwa hiyo nimepaka kijivu cha moshi mto mzima, nikabakisha utepe mwembamba wa karatasi katikati. Utepe huo ndio uliotuliza picha nzima. Nimefurahi sana.

Kivuli cha mikoko kimenichukua asubuhi yote. Kitu cheusi, kivuli chake majini hutoka chepesi kidogo kuliko chenyewe. Nilikuwa nafanya kinyume. Na unyevu wa pwani unataka subira: naigusa karatasi kwa mgongo wa mkono, ikiwa ya baridi bado haijakauka. Nilingoja karibu nusu saa.

Mzee mmoja mvuvi akasimama nyuma yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mtumbwi umeuzamisha? Mtumbwi mtupu hukaa juu."

Nikatazama. Kweli, maji yamefika karibu na ukingo wake. Nikamwambia wino huu haufutiki.

Akafikiri kidogo. "Basi upakie nazi. Utakaa hivyohivyo."

Kesho napakia nazi, kwa kisahani cha tatu.